Gari Lisilotoa Cheche: Njia ya Kufundisha Uchunguzi katika Somo la Sayansi

Katika madarasa mengi tunayoyatembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, somo la umeme huanzia ubaoni na kuishia ubaoni. Mwanachuo huchora betri, waya na balbu, watoto hunakili, kisha huulizwa saketi ni nini, nao hujibu kwa sauti moja maneno yale yale waliyoandikiwa. Siku ya pili mwulize mmoja wao kwa nini tochi ya nyumbani haiwaki, naye atajibu bila kusita, "Betri zimekwisha." Huenda zimekwisha kweli. Huenda pia balbu imeungua, au kutu imeshika swichi, au waya umelegea. Mtoto huyo anazijua sehemu zote za saketi kwa majina, lakini hajafundishwa namna ya kuiuliza tochi yenyewe.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi ugonjwa mmoja wa magari ya zamani, yaani kukosa cheche, unavyoweza kutumika kufundisha uchunguzi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tumeuchagua ugonjwa huu kwa sababu mbili. Kwanza, katika mkoa wetu wa Tanga, kuanzia mwambao wa Pangani na Mkinga hadi Muheza na Korogwe, Land Rover na Peugeot za zamani hazijatoweka, na mtoto aliyekwisha kushiriki kulisukuma gari lililogoma hahitaji kushawishiwa kwamba jambo hili lina maana. Pili, cheche ina njia yake, na njia hiyo ina vituo ambavyo kila kimoja chaweza kuulizwa swali lenye jibu la ndiyo au siyo. Si kila jambo la sayansi lina tabia njema namna hiyo.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zilitakiwa zifungamane na kazi za mahali zilipo. Katika shule nyingi agizo hilo lilitafsiriwa kuwa shamba na mabanda ya kuku tu. Gereji ya chini ya mwembe, ambako watu hufikiri kwa mikono mchana kutwa, haikuhesabiwa. Sisi tunaona kwamba ni maabara nzuri, na haina ada.

Hapana budi kutoa onyo mapema. Yote yatakayoelezwa hapa yanahusu magari ya zamani yenye koili moja, distributa na platini. Magari ya siku hizi hutawala cheche kwa vifaa vya elektroniki, na kuyajaribu kwa njia hizi kwaweza kuyaharibu.

NJIA YA CHECHE

Mwalimu asiingie darasani kabla hajaielewa njia hii yeye mwenyewe, hata akiweza kuichora vumbini kwa kijiti.

Betri ya gari ina volti 12. Cheche haiwezi kuruka katika pengo la plagi kwa nguvu hiyo. Huhitaji volti elfu nyingi. Kazi ya kukuza umeme hufanywa na koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma: wa kwanza mnene, wenye mizunguko mia kadhaa, wa pili mwembamba sana, wenye mizunguko elfu nyingi. Umeme wa betri hupita katika waya wa kwanza na kukifanya kiini kuwa sumaku. Kisha platini, ambazo ni vidole viwili vya chuma vinavyogusana ndani ya distributa, huachana. Umeme hukatika ghafla, usumaku hutoweka, na kutoweka huko ndiko kunakozaa umeme mkubwa katika waya wa pili.

Hapa mwalimu na atue kidogo. Takriban kila mtoto, na wanachuo wengi pia, hudhani kwamba cheche hutoka wakati platini zinapogusana. La hasha. Cheche huzaliwa wakati zinapoachana. Kugusana ni kujaza tu, kama mtu anavyovuta manati. Jiwe huruka anapoachia. Kanuni yenyewe ilionyeshwa na Michael Faraday huko London mwaka 1831, nayo iliingizwa katika magari kwa umbo tunalolijua na Mmarekani Charles Kettering. Cadillac za mwaka 1912 zilitoka kiwandani zikiwa na mfumo wake wa umeme, pamoja na stata.

Umeme mkubwa hutoka katikati ya koili kwa waya mnene, ambao tutauita waya mkuu, na kuingia katikati ya kifuniko cha distributa. Humo rota huzunguka kama mkono wa saa, ikiupeleka umeme kwa plagi moja baada ya nyingine. Katika Land Rover ya silinda nne zamu ni ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Kuna kifaa kimoja zaidi, kondensa, kilicho kando ya platini. Kazi yake ni kuupokea umeme unaotaka kuruka kati ya platini zinapoachana, ili ukatikaji uwe wa ghafla. Kondensa ikikatika ndani, cheche ya plagi huwa dhaifu na platini huungua upesi.

Mwalimu wa hisabati naye ana sehemu yake. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nayo kila silinda huhitaji cheche moja kwa kila mizunguko miwili, basi cheche ni 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa kila sekunde. Hali kadhalika, waya wa kwanza wa koili ukiwa na ukinzani wa omu 3, umeme unaopita ni ampea 4. Hesabu hiyo ya pili si ya kujifurahisha. Hutuonyesha kwa nini swichi haiachwi wazi injini ikiwa imesimama: koili hupata joto bure, na betri hudhoofika.

MFANO WA KUFANYIA KAZI

Tuseme kuna Land Rover ya miaka ya 1970 inayobeba samaki kutoka Kigombe kwenda Tanga mjini. Imekaa wiki tatu bila kutumika wakati wa masika. Sasa stata inaizungusha injini vizuri, petroli ipo na harufu yake yasikika, lakini injini haishiki. Mwenye gari amekwisha kununua plagi nne mpya. Gari halikuwaka. Jirani amemwambia anunue koili. Mwingine amemwambia la, ni kondensa. Samaki wako kwenye barafu, na barafu haingoji mtu.

Mwandikie mwanafunzi kisa hiki ubaoni na umwulize: je, plagi mpya zimemfundisha nini mwenye gari? Wengi watasema hazikumfundisha kitu. Lakini zimemfundisha jambo moja, kwamba huenda ugonjwa hauko kwenye plagi. Nalo amelinunua kwa bei kubwa. Swali linalofuata ndilo kiini cha somo: angeweza kulijua jambo hilo hilo bila kununua chochote?

Angeweza. Kabla hatujafungua kitu, tuitazame njia nzima: betri, swichi, koili, platini, kisha waya mkuu, rota, kifuniko, nyaya za plagi, plagi. Njia hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya umeme mdogo, nusu ya pili ni ya umeme mkubwa, na mpaka wake ni waya mkuu. Basi na tuulize mpakani. Mtu mzima anayejua kazi huchomoa waya mkuu kutoka katikati ya kifuniko, huubana kwa koleo yenye mpini mkavu usiopitisha umeme, na kuiweka ncha yake umbali wa milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma kitupu cha injini. Mwingine hupiga stata. Cheche ya buluu ikiruka kwa mlio mkali, nusu ya kwanza ni nzima na ugonjwa uko mbele: rota, kifuniko, nyaya au plagi. Isiporuka, hakuna haja ya kugusa plagi hata moja, tunarudi nyuma.

Jaribio hilo moja limeikata kazi nusu. Fundi mzoefu hulifanya bila kulisemea neno, ndiyo maana anayemtazama hudhani ni kipaji. Kazi ya mwalimu ni kulitamka.

Katika mfano wetu cheche haikuruka. Sasa huingia taa ya kupimia: balbu ndogo ya volti 12, kama zile za taa za pembeni, yenye nyaya mbili. Balbu kubwa ya taa ya mbele haifai, kwa kuwa hula umeme mwingi na itatudanganya. Waya mmoja hubanwa kwenye chuma kitupu cha bodi. Wa pili ndio unaouliza. Waya mkuu nao huwekwa umeguswa na bodi muda wote huu, ili umeme mkubwa usitafute njia yake wenyewe. (Magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana upande chanya wa betri kwenye bodi badala ya hasi. Balbu haijali.)

Swichi ikiwa imefunguliwa, tunagusa kichwa cha koili kinachopokea umeme wa swichi. Taa ikizima, tunarudi kwenye swichi na nyaya zake. Ikiwaka, umeme umefika. Kisha tunagusa kichwa cha pili cha koili, kile kiendacho kwenye platini, na kupiga stata. Hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote katika somo hili. Platini zikigusana, umeme wote hupita kwao kwenda kwenye bodi, na taa huzima. Zikiachana, taa huwaka. Kwa hiyo injini inapozungushwa, taa yapasa kumetameta. Taa hiyo inasimulia habari za vidole viwili tusivyoviona.

Ikiwa haimetemeti, yaweza kufanya moja kati ya mambo mawili, na kila moja lina maana yake. Ikikaa imewaka tu, platini hazipitishi umeme: hazigusani, au zimeshikwa na uchafu. Ikikaa imezima tu, ama waya wa kwanza wa koili umekatika, ama umeme unavujia kwenye bodi mahali fulani, ama platini haziachani kwa kuwa kisigino chake kimelika. Kuyatenganisha haya ni rahisi. Chomoa kwenye koili ule waya uendao distributa. Taa ikiwaka, koili imepitisha, na lawama iko ndani ya distributa. Rudisha waya, kisha fungua kifuniko na uitenge kondensa. Taa ikirudi kumetameta, kondensa ndiyo iliyokuwa ikivujisha.

Katika gari letu la samaki taa ilikaa imewaka tu. Koili aliyoshauriwa kununua isingesaidia kitu, wala kondensa.

CHUMVI YA PWANI

Wanachuo wanaotoka bara huuliza kwa nini gari lililokaa bila kazi liugue kuliko lile linalofanya kazi kila siku. Jibu liko hewani. Upepo wa baharini huleta unyevu wenye chumvi, na wakati wa masika unyevu huo hauondoki hata ndani ya nyumba. Platini zisizotumika hujenga utando mwembamba usiopitisha umeme, na volti 12 hazina nguvu ya kuupenya. Vichwa vya nyaya za shaba hufanya kutu ya kijani. Waya unaounganisha betri na bodi hukaa juu ya chuma kilicholika, nao kwa macho waonekana umefungwa vizuri. Ndani ya kifuniko cha distributa matone huganda alfajiri, na umeme mkubwa huteleza juu ya unyevu huo badala ya kuifuata njia yake. Ukizoea, huchora mistari myeusi ya masizi ambayo haitoki tena, na kifuniko hicho ni cha kutupwa.

Kwa gari letu dawa ilikuwa kuzisugua platini taratibu kwa tupa nyembamba, kupitisha kipande cha karatasi safi kati yake ili kuondoa vumbi la chuma, na kupima pengo kwa vibati vya fundi. Kwa Land Rover ya aina hii ni milimita 0.35 hadi 0.40. Gharama yake ilikuwa nusu saa.

Habari hizi zinastahili muda darasani, maana watoto wa pwani wanaijua chumvi. Wamekwisha kuiona ikila mabati ya paa na misumari ya mashua. Wakiambiwa kwamba kitu kile kile kimeingia katikati ya vidole viwili vya chuma ndani ya gari, huunganisha wenyewe.

KUPELEKA SOMO DARASANI

Gari haliingii darasani, wala halihitajiki katika vipindi vya kwanza. Twaa ubao wa mbao na upigilie misumari minane kwa mstari. Unganisha msumari mmoja na unaofuata kwa waya, wa kwanza na upande chanya wa betri mbili za tochi, na wa nane na balbu ya tochi inayorudi upande hasi. Balbu huwaka. Sasa, watoto wakiwa nje, ukate muungano mmoja kwa siri. Njia nzuri ni kuufunga waya kwenye msumari bila kuutoa ganda lake, ili jicho lisione kosa. Wape balbu ya pili, waya wake mmoja ukiwa umefungwa upande hasi, na waulize njia imekatika wapi.

Watoto wataanzia msumari wa pili, wa tatu, wa nne. Waache. Wakianzia mwanzo, huenda wakahitaji majaribio sita. Wakishazoea, waulize kama kuna anayeweza kupata jibu kwa majaribio matatu. Tumeona darasa likikaa kimya kwa muda mrefu juu ya swali hili, na ni kimya chenye manufaa. Mwanachuo asiogope, asilijaze pengo kwa jibu lake. Atatokea mmoja atakayegusa katikati.

Mazungumzo yanayofuata ni ya namna tunayoipendelea:

Mwalimu: Umegusa msumari wa nne, taa imewaka. Unajua nini sasa?
Mwanafunzi: Umeme umefika hapa.
Mwalimu: Na huna haja ya kuuliza wapi tena?
Mwanafunzi: Nyuma yake. Wa pili na wa tatu ni wazima.
Mwalimu: Kabla hujagusa wa sita, tuambie utaona nini, na kila jibu litakuwa na maana gani.

Swali la mwisho ndilo zito. Mtoto anayegusa kwanza na kufikiri baadaye anapapasa. Kwa hiyo kila jaribio liandikwe daftarini kabla ya kufanywa: nitagusa nini, natazamia nini, kisha nimeona nini. Atakayetazamia taa iwake, ikazima, apewe alama zake zote maadamu jaribio lilikuwa la maana. Mwalimu akiwapa alama waliobahatisha tu, wiki ijayo watabahatisha wote. Jambo jingine la kusimamia kwa ukali ni hili: kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi aliyebadilisha platini na kondensa kwa pamoja, gari likawaka, hajui kilicholiponya.

Baada ya vipindi viwili vya ubao ndipo liombwe gari, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na ya mwenye mali, na fundi awepo. Watoto wakae hatua tatu kutoka kwenye boneti. Gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa, nguo na mikono mbali na feni na mkanda wake. Petroli isiwe wazi mahali popote, kwani cheche tunayoitafuta ndiyo hiyo hiyo iwashayo moto. Umeme mkubwa usiguswe na mtoto kwa vyovyote. Yule ashikaye waya mkuu kwa mkono mtupu atatupwa nyuma, na aliye na ugonjwa wa moyo aweza kudhurika zaidi. Hendeli ya kuzungushia injini waiache kabisa, maana hurudi nyuma kwa nguvu na kuvunja kifundo cha mkono. Kilicho salama kwa watoto ni taa ya kupimia: waitazame, waitabirie, waisomee.

Mara nyingi fundi hufanya upesi kuliko darasa linavyofikiri. Mwanachuo amwombe kwa adabu, "Fundi, tafadhali tungoje kidogo kabla hujapiga stata," na watoto waandike utabiri wao. Mafundi tuliofanya nao kazi hawajachukia. Baadhi yao hufurahi kuona kazi yao inaandikwa.

Gari likishawaka, kipindi hakijakwisha. Fundi azime injini, afungue kifuniko, na aweke kipande kidogo cha karatasi kavu katikati ya platini zilizosafishwa. Watoto watabiri tena: taa itafanya nini, na injini je? Stata ipigwe. Taa hukaa imewaka, injini huzunguka bila kushika, kama ilivyokuwa asubuhi. Kisha karatasi itolewe, kifuniko kirudishwe, na mtoto aliyesema tangu mwanzo kwamba koili ni mbovu apewe nafasi ya kutoa amri ya kuwasha.